Kopo la dawa kwanza, skrubu baadaye: kupandikiza meno ukiwa bibi mwenye mifupa dhaifu

Kabla hujakata tiketi ya basi, kabla hata hujampigia mwanao simu ya kumdokeza habari za hela, tafuta kopo. Langu ni la maziwa ya unga, lile kubwa, wajukuu walishamaliza kilichokuwemo. Tia humo kila dawa unayotumia: ya presha, ya kisukari, ya pumu, matone ya macho, unga wa mizizi uliopewa na jirani, na zaidi ya zote dawa ya mifupa. Kama ya mifupa ni sindano na huna boksi lake nyumbani, tia kadi ya kliniki. Huna kadi? Andika kwenye karatasi tarehe uliyochomwa mara ya mwisho. Kopo hilo utaingia nalo kwa daktari wa meno ukiwa umelishika mkononi, lisibaki kwenye begi ulilomwachia shemeji.

Naanza na kopo kwa sababu mimi sikwenda nalo.

Nina miaka 68. Nilifundisha hisabati shule za msingi hapa Tabora hadi nilipostaafu. Msimu mmoja wa maembe niliteleza kwenye embe lililooza chini ya mwembe wangu mwenyewe, nikaketi chini kama mtoto, nikajishika kwa mkono wa kushoto. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa aibu tu. Lakini kifundo cha mkono kilikatika kama muwa mkavu. Daktari aliyenifunga plasta akaniambia mtu mzima hapaswi kuvunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, kwa hiyo nikapime ujazo wa mifupa. Nilipima Dar es Salaam, nyonga ikatoa -2.9. Kwa kipimo hicho, -1 kwenda juu ni mfupa mzima, kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kupungua, na -2.5 kushuka chini ndio udhaifu wa mifupa wenyewe. Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi nameza kidonge kimoja cha alendroneti, miligramu 70.

Miaka minne baadaye meno yangu ya bandia ya chini yakawa hayakai. Ukicheka yanapanda, ukitafuna karanga yanahamia upande. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, niliacha kabisa, na mtu wa Tabora asiyekula michembe ya karanga sijui anaishi kwa nini. Nikasikia kuna meno ya kupandikiza, yanayoshikwa na skrubu zilizopandwa ndani ya taya. Binti yangu akanipeleka kituo kimoja cha meno, sitakitaja, huko huko mjini kwake. Wakatazama, wakahesabu, wakaandika: meno mawili yaliyobaki yang'olewe leo, halafu skrubu sita juu na sita chini. Nimeshakaa kwenye kiti, mdomo wazi, kijana kashika sindano ya ganzi, binti yangu akakumbuka jambo lake: "Mama, kesho si Ijumaa? Kidonge umekibeba?"

Yule kijana akasimamisha mkono. "Kidonge gani, Mama?"

Alipoelezwa alikwenda nyuma ya pazia kuongea na mkubwa wake, akarudi na kusema hapo hawawekei meno watu wenye mifupa mibovu. Ndani ya dakika kumi nilitoka skrubu 12 hadi sifuri, na majibu yote mawili yalikuwa na makosa. La kwanza lilikosea kwa kutouliza dawa, la pili kwa kudhani mfupa dhaifu ndio mwisho wa safari. Katikati ya hayo mawili ndimo nilimopata meno yangu.

Kwa nini dawa ya mifupa inamhusu daktari wa meno

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa hili mengine yote utayauliza mwenyewe.

Mfupa si jiwe. Chukulia nyumba ya tope ya kijijini kwetu: mvua na mchwa wanakula ukuta, na kila kiangazi mwenye nyumba anakandika upya. Ndani ya mfupa mna chembe zinazobomoa palipochakaa na chembe zinazokandika. Homoni ya kike, estrojeni, inawashika wabomoaji wasizidi. Hedhi ikikoma, homoni hiyo inashuka, wabomoaji wanamzidi mkandikaji, na ukuta unabaki na matundu. Ndiyo maana tunaovunjika nyonga na mikono ni akina mama zaidi kuliko wazee wenzetu wa kiume.

Kidonge changu cha Ijumaa kinawalaza wabomoaji. Kwa nyonga na uti wa mgongo ni kheri kubwa, na sitaki mtu asome hapa halafu atupe dawa yake. Ila fikiria jino liking'olewa. Kidonda cha taya hakifungi vizuri mpaka mabaki ya mfupa uliokufa yaondolewe, na wa kuyaondoa ni wale wale wabomoaji uliowalaza. Taya nalo ni mfupa unaojikarabati haraka kuliko mingine, limefunikwa na ufizi mwembamba tu, na mdomo hata uupige mswaki vipi haukosi vijidudu. Kwa hiyo kwa watu wachache kidonda kinagoma: ufizi haufuniki, mfupa unabaki unaonekana mweupe au wa manjano, unanuka, usaha unatoka. Ukikaa wazi zaidi ya wiki 8 kwa mtu anayetumia au aliyewahi kutumia dawa hizi, na hajawahi kupigwa mionzi ya taya, madaktari wanauita ugonjwa wa mfupa wa taya unaotokana na dawa. Uliandikwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2003, baada ya dawa zenyewe kutumika kwa miaka.

Usiogope zaidi ya kipimo. Kwa sisi wa kidonge cha wiki, kati ya watu 10,000 wanaopatwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Wenye hatari kubwa ni wagonjwa wa saratani iliyoingia mifupani, ambao hupewa dawa za jamii hiyo hiyo kwa dripu ya mara kwa mara na kwa wingi zaidi. Hao hatari yao hufika asilimia kadhaa, na daktari makini kwa kawaida hawagusi kwa skrubu. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo naye ana habari yake, aiseme mlangoni.

Utajuaje kama dawa yako ni ya jamii hii? Soma boksi, ukitafuta herufi d-r-o-n zimefuatana ndani ya jina. Alendroneti, risedroneti, ibandroneti, asidi ya zoledroniki, zote zina "dron" humo. Nyingine haina herufi hizo, ni sindano ya chini ya ngozi ya kila miezi 6, jina lake denosumabu. Nilipokuwa nafundisha ningewapa watoto hilo kama zoezi la kutafuta neno lililofichwa.

Kama hujaanza dawa, anza na mdomo

Huu ndio ushauri ambao ningelipa hela kuupata mapema. Ukiambiwa una mifupa dhaifu na dawa bado hujaanza, omba wiki chache uende kwanza kwa daktari wa kinywa na meno. Jino bovu ling'olewe sasa, kidonda kipone, ugaga ukwanguliwe, pleti, yaani meno ya bandia ya kuvua, inayochuna ufizi irekebishwe. Ndipo uanze kidonge au sindano. Kwa hilo huhitaji kusafiri. Kung'oa na kusafisha kunafanyika hapa hapa kwenye hospitali ya Kitete, na ndugu zangu wa Kigoma wana Maweni.

Kama ulishaanza, usiache dawa kwa akili yako. Narudia kwa sababu namjua mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa aliyeacha sindano ya miezi 6 eti anatayarisha taya. Sindano hiyo ukiichelewesha, wabomoaji wanaamka wote kwa pamoja na hasira ya njaa, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika zaidi ya moja. Kwake kilichofanyika baadaye ni kupanga kalenda: kazi ya meno inawekwa mwezi wa tatu au wa nne baada ya sindano, kidonda kinapata wiki za kupona, na sindano inayofuata inachomwa kwa wakati wake.

Vidonge vina hesabu nyingine. Vinakaa ndani ya mfupa miaka, kwa hiyo kuacha leo hakuondoi kilichomo. Wapo madaktari wanaosimamisha miezi miwili kabla ya upasuaji kwa mtu aliyemeza zaidi ya miaka minne, na wapo wasioona haja. Wangu walisimamisha, lakini waliokubaliana ni wawili, wa mifupa na wa meno, kwa simu, mimi nikiwa nimekaa pale nasikiliza. Hilo la simu lidai. Kama daktari wa meno hataki kuongea na wa mifupa, kopo lako libebe uende kwingine.

Na jambo la aibu yangu: miaka miwili ya kwanza nilikuwa nameza kidonge na chai ya maziwa. Kumbe maziwa yanakizuia kisiingie mwilini. Kinamezwa tumbo tupu, na bilauri nzima ya maji matupu, kisha unakaa wima au unasimama nusu saa kabla ya kula, maana ukilala kinaunguza koo. Siku hizi nameza, halafu nafagia uwanja.

Skrubu ngapi?

Kipandikizi ni skrubu ya titani, fupi kuliko kiungo kimoja cha kidole, unene kama milimita nne. Inapandwa ndani ya taya na mfupa unajishikamanisha nayo. Aliyegundua hilo ni Msweden Per-Ingvar Brånemark, na hakuwa akitafuta meno. Alikuwa ameweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze damu, siku ya kuvitoa vikagoma. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965 na akaendelea nazo hadi alipofariki mwaka 2006. Nilipolisikia hilo nikaona hizi si habari za majaribio tena.

Ila mfupa wa taya haulingani kote. Taya la chini mbele, kati ya chonge na chonge, ni mgumu hata kwa bibi. Taya la juu nyuma, palipokuwa na magego, ni kama sifongo, na juu yake kuna uwazi wa hewa ulio kando ya pua. Ukiwa na mifupa dhaifu huko nyuma ndiko kwenye mashaka. Na bahati nzuri shida yetu kubwa wala haiko huko. Pleti ya juu inanyonya kaakaa na kukaa. Ya chini haina pa kunyonya, ina umbo la kiatu cha farasi, chembamba, na ulimi unaisukuma kutwa. Wataalamu walikutana Montreal mwaka 2002 wakakubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, jambo la kuanzia liwe skrubu mbili tu, sehemu za chonge, na pleti inabanwa juu yake kama kifungo cha chuma cha gauni.

Mimi nilichagua hivyo: mbili chini, juu nikabaki na pleti yangu ya kawaida. Yale mawili yaliyobaki yalikuwa yameoza mizizi, yaling'olewa, tukangoja yapone. Meno yote yaliyogandishwa kwa skrubu sita au nane yanapendeza, sikatai, na mwenye nafasi na mfupa wa kutosha afanye. Maoni yangu ni kwamba kwa umri wetu kila tundu la ziada ni kidonda cha ziada, na mikono inayotetemeka haiwezi kusafisha chini ya daraja lisilotoka. Pleti ya kuvua unaisafisha ukiwa umekaa.

Kuhusu kama zitashika: tafiti zilizolinganisha wanawake wenye udhaifu wa mifupa na wasio nao hazikukuta tofauti kubwa ya skrubu kung'oka. Mfupa wa ukingoni unaweza kupungua kidogo zaidi. Na -2.9 yangu ni ya nyonga, haisemi taya likoje. Taya linaonekana kwa picha yake lenyewe, ile ya mashine inayokuzunguka kichwa na kutoa umbo la pande zote tatu. Kama mtu anataka kukutoboa kwa kutumia picha ndogo ya jino moja, uliza.

Nani aahirishe

Mwenye sukari iliyopanda, kwanza ishuke na itulie. Anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kwa pumu au baridi yabisi, aziseme, maana nazo zinakonda mifupa na kuchelewesha vidonda. Na tumbaku. Hapa kwetu ni ngumu kuisema vibaya, Urambo, Kaliua na Sikonge imesomesha watoto, wengine niliwafundisha. Lakini inabana mishipa midogo ya damu kwenye ufizi, na skrubu za wavutaji zinashindwa mara nyingi zaidi. Ugoro unaowekwa ndani ya mdomo wa chini unakaa palepale pa kidonda. Dada yangu aliambiwa aache kabisa kabla na baada, akasema basi meno yasubiri. Yanasubiri hadi leo.

Maswali ya hela

Bei sitaandika, zinabadilika na kila kituo kina yake. Andika haya kwenye daftari uyaulize yote siku moja, ukiwa na mtu wa kusikiliza pamoja nawe: Bei ni ya skrubu peke yake, au pamoja na kifungo cha juu na pleti? Picha na vidonge vimo? Skrubu isiposhika, nalipa tena au mnarudia? Nitarudi mara ngapi? Hilo la mwisho kwetu ni kubwa kuliko bei yenyewe. Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Mimi nilikwenda mara sita jumla, kwa hiyo nilihesabu nauli mara kumi na mbili, na mara nyingine mbili za mtu wa kunisindikiza. Bima waulize kabla, wakujibu kwa maandishi.

Siku yenyewe

Nilikunywa uji wa ulezi asubuhi na dawa yangu ya presha kama kawaida. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo Mama. Kopo umekuja nalo?" Marahaba, nalo hili hapa. Akalimwaga mezani akasoma kimoja kimoja, hata unga wa mizizi akauliza ni wa nini. Pale pale nikaona nimefika pazuri.

Ganzi inauma kama kung'atwa na siafu mara mbili tatu. Baada ya hapo unachosikia ni mtetemo tu, sauti ya fundi anayetoboa ukuta wa jirani. Alitoboa taratibu, anasimama, anaendelea, huku maji baridi ya chumvi yakimiminika muda wote na msaidizi akiyanyonya. Nilimuuliza baadaye kwa nini haendi haraka amalize. Akasema mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unakufa, na mfupa uliokufa haushiki skrubu. Halafu kwa mifupa kama yangu tundu linatobolewa jembamba kuliko kawaida ili skrubu iingie kwa kubana, kama fundi seremala anavyofanya kwenye mti laini. Hadi nyuzi zinafungwa ilikuwa saa moja na kitu.

Siku tatu za kwanza kidevu kilivimba. Barafu kwenye kitambaa nje ya shavu, dawa za maumivu alizoandika, kusukutua kwa dawa ya kuua vijidudu kuanzia siku ya pili bila kutema kwa nguvu. Pleti ya chini sikuivaa wiki mbili. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa ajili ya harusi au msiba wanaona haya kutoka vibogoyo. Mimi nilikwenda msibani Isevya na mtandio hadi puani, wakadhani nina mafua. Baada ya wiki mbili daktari aliikwangua pleti kwa ndani na kuweka utandu laini, isikandamize penye skrubu.

Chakula: uji, mlenda na ugali mlaini, maharage yaliyopondwa, maziwa ya mgando, mayai. Dagaa wa Kigoma nilikuwa nawakaanga bila mafuta mengi na kuwatwanga kabisa wawe unga, natia kwenye mboga. Dagaa anayeliwa na miba yake ni kalsiamu uliyolipia hela kidogo. Migebuka ilisubiri. Na jua: Tabora halikosekani, lakini sisi wazee tunashinda kivulini chini ya mwembe tumejitanda, kwa hiyo vitamini D yangu ilikuwa chini, nikaandikiwa.

Kungoja

Kwa kawaida taya la chini linangojewa miezi mitatu hivi, la juu zaidi ya hapo. Mimi niliambiwa mitano. Nilinung'unika sana mwezi wa nne, nikasema mbona nauma vizuri tu. Daktari akanijibu kwa simu, "Mwalimu, zege halikauki kwa kuulizwa." Nikanyamaza. Jibu hilo ningelitoa mimi darasani.

Katika kungoja huko angalia haya, na ukiona hata moja usingoje tarehe yako: maumivu yanayorudi baada ya kuwa yameisha, usaha au harufu, ufizi uliofunguka ukaona mfupa, skrubu inayocheza ukiigusa kwa ulimi, au ganzi ya mdomo wa chini na kidevu isiyoisha. Hiyo ganzi ni ya mshipa wa fahamu, inatakiwa isemwe siku hiyo hiyo au inayofuata, si baada ya mwezi. Kwa mbali kama huku, nenda kwanza kwa daktari wa meno wa mkoa apige picha, aongee na aliyekutibu. Huyo wa mkoa mjulishe tangu mwanzo. Mimi nilikwenda kumsalimia kabla hata ya kusafiri, nikamwachia namba ya mwenzake.

Mwezi wa tano ufizi ulifunguliwa kidogo, vifungo vikafungwa juu ya skrubu, na pleti mpya ikatobolewa chini yake na kuwekwa vipete viwili vya nailoni. Unaiweka mahali pake, unaibana kwa vidole gumba viwili, unasikia tak, tak. Usiibane kwa kuuma. Nilifanya hivyo siku ya kwanza nyumbani, kipete kimoja kikapinda.

Kuitunza

Usiku vua. Isafishe kwa sabuni ya kawaida na brashi laini, siyo dawa ya meno yenye chengachenga, na siyo maji ya moto, yanaikunja. Chini ya bomba weka beseni lenye maji na kitambaa ndani, ikikuponyoka isivunjike. Nimeshaiponyosha mara tatu. Ilale kwenye bakuli la maji. Kisha chukua mswaki mlaini usugue vifungo vyenyewe mdomoni, kuzunguka shingo yake pale vinapokutana na ufizi, asubuhi na usiku. Mimi nilizoea mswaki wa mti, nao sijauacha kwa kuchangamsha mdomo, ila kwenye vifungo sitii, nyuzi zake zinachuna. Ufizi wa hapo ukitoa damu ukipigwa mswaki, ni dalili kwamba unaacha uchafu, usiache kusugua. Kila miezi 6 daktari wa mkoa anatazama, mara moja kwa mwaka anapiga picha.

Kabla hujaachana na aliyekuwekea skrubu, dai kadi. Iwe na jina la kampuni iliyotengeneza, urefu na unene wa skrubu, namba zake, na tarehe. Kila kampuni ina bisibisi yake, na daktari wa Tabora au wa Kigoma asipojua ni ya nani hata kukaza kifungo kilicholegea hataweza. Omba na jozi ya vipete vya akiba. Vinachakaa kwa kuvaa na kuvua, mwaka hivi, wakati mwingine zaidi, na utajua vimechoka pale tak ikiwa haisikiki tena na pleti inaanza kuinuka kwenye karanga. Vyangu vimebadilishwa mara moja hapa hapa nyumbani, dakika chache tu, mgonjwa mwenzangu kwenye benchi hakumaliza hata kunisimulia habari za ng'ombe wake. Jozi nyingine na ile kadi viko ndani ya kopo, chini ya vidonge vya Ijumaa.